Maswali na Majibu: Nani Anaongoza Katika Rekodi ya Jazi?

Maswali yafuatayo yanahusu rekodi za jazi za miaka ya karibuni, hasa zile za viongozi wa bendi, waimbaji na bendi kubwa.

Nimenunua albamu ya Maria Schneider, mtunzi na kiongozi wa bendi kubwa ya jazi, nikagundua kwamba yeye mwenyewe hapigi chombo chochote. Kwa nini basi jina lake ndilo lililoandikwa kwenye jalada?

Kwa sababu karibu kila noti unayoisikia humo, ukiondoa zile ambazo mpiga solo, yaani anayeachiwa kupiga peke yake mbele ya wenzake, anazibuni papo hapo, imepita mikononi mwake. Bendi kubwa ya jazi kwa kawaida huwa na saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, kisha piano, gitaa, besi na ngoma, yaani watu 17 ambao wote wana pumzi na nguvu za kumzima mwenzao. Mtunzi ndiye anayeamua tromboni zinyamaze wapi, filimbi iungane wapi na tarumbeta iliyowekewa kizibo, na mpiga solo aachiwe uwanja kwa muda gani. Schneider aliijua kazi hiyo kwa karibu alipokuwa msaidizi wa Gil Evans, mpangaji wa muziki ambaye aliheshimiwa kwa namna alivyochanganya rangi za ala.

Chukua kipande kiitwacho "Sputnik" katika albamu yake ya mwaka 2020, Data Lords. Anayetangulizwa mbele ni Scott Robinson kwa saksafoni ya baritoni, chombo kizito ambacho katika bendi nyingi kazi yake ni kukaa chini na kubeba uzito wa wenzake. Hapa kimepandishwa juu, nacho kinapiga kwa uhuru kana kwamba hakuna kilichoandikwa. Lakini ukisikiliza kwa mara ya tatu au ya nne unatambua kwamba kila Robinson anapogeuka, anakuta bendi imekwisha kumfungulia mlango. Milango hiyo imeandikwa na Schneider. Kipande hicho kilipata tuzo ya Grammy ya utunzi bora wa ala mwaka 2021, na kwa maoni yangu kiliistahili bila mjadala.

Si yeye peke yake anayefanya kazi kwa namna hii. Darcy James Argue, ambaye bendi yake ya watu 18 inaitwa Secret Society, husimama mbele akiongoza kwa mikono, na albamu yake ya mwaka 2009, Infernal Machines, inafaa kusikilizwa na yeyote anayedhani kwamba bendi kubwa ni mambo ya enzi za babu zetu.

Kuwaingiza watu wengi kiasi hicho studio ni gharama kubwa. Nani hulipa?

Wengine hulipiwa na wasikilizaji wao wenyewe. Mwaka 2004 Schneider alitoa Concert in the Garden kupitia ArtistShare, tovuti ambapo msikilizaji huchangia kabla rekodi haijakamilika na kuifuatilia kazi inavyokua. Mwaka uliofuata albamu hiyo ikawa ya kwanza kupata Grammy ikiwa imeuzwa kwenye intaneti tu, bila kupangwa kwenye rafu za maduka.

Barani Ulaya ipo njia nyingine. Redio za umma huajiri bendi nzima kwa mishahara: WDR mjini Köln na NDR mjini Hamburg, zote za Ujerumani, na redio ya Denmark, ambayo bendi yake ilianza kuongozwa mwaka 2019 na Miho Hazama, mtunzi kutoka Japani. Ninaithamini sana njia hii, kwa kuwa wapigaji wanaofanya kazi pamoja mwaka baada ya mwaka hufikia mahali pa kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, na jambo hilo husikika wazi pale tarumbeta zote nne zinapoanza sauti kwa wororo.

Kati ya waimbaji wa leo, nianze na nani?

Anza na Cécile McLorin Salvant, na kati ya albamu zake anza na The Window ya mwaka 2018. Karibu yote ni sauti yake na Sullivan Fortner kwenye piano, basi. Hakuna mahali pa kujificha: akichelewa neno kwa nusu ya pigo unasikia kwamba amekusudia, na unasikia Fortner akimsubiri, au akikataa kumsubiri na kumlazimisha akimbie. Mwimbaji wa jazi hapewi cheo hicho kwa sababu ya uzuri wa koo peke yake. Ni lazima aweze kulichukua neno ambalo limeimbwa na mamia ya watu kabla yake, akaliweka mahali ambapo maana yake inabadilika.

Kisha msikilize Samara Joy, aliyezaliwa Bronx mwaka 1999. Wengi walimjua alipopata Grammy ya msanii bora mpya mwaka 2023, lakini mimi nakuelekeza kwenye Portrait ya mwaka 2024, aliyoirekodi katika studio ya Van Gelder, New Jersey, pamoja na bendi anayosafiri nayo. Humo hasimami mbele ya ala akingoja zimpambe. Mara nyingi sauti yake imepangwa ndani ya safu ya tarumbeta na saksafoni kama chombo kimojawapo cha kupulizwa, na katika utunzi wa Charles Mingus ambao ameuandikia maneno yeye mwenyewe, anaanza bila chombo chochote. Huyo ni mwimbaji anayeongoza bendi.

The Epic ya mpiga saksafoni Kamasi Washington inakaribia saa tatu. Je, ni lazima niisikilize yote?

Si kwa siku moja. Albamu hiyo ya mwaka 2015 ilitolewa katika diski tatu, nayo ina kwaya na ala za nyuzi nyuma ya bendi. Sikiliza diski moja kila jioni, kwa mpangilio wake.

Nikisikiliza bendi kubwa kwenye simu, naona sauti zimerundikana tu. Kosa ni la rekodi au ni langu?

Ni la spika ya simu. Uzi mnene kabisa wa besi hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo kiasi hicho haina uwezo wa kuutoa mtikisiko huo. Hupoteza pia sehemu kubwa ya uzito wa tromboni na baritoni, ikabakiza tarumbeta zikipiga kelele juu ya utupu. Jaribu na Bringin' It ya Christian McBride, iliyotoka mwaka 2017. McBride ni mpiga besi, na bendi yake kubwa anaiongoza kutoka kule chini. Kwa hiyo kwenye simu anayepotea ni kiongozi mwenyewe. Vaa hedifoni, acha tarumbeta zipite, mfuate yeye kwa dakika mbili, na utaona zile sauti zilizorundikana zinaanza kupangika juu ya vidole vyake.