Gawanya mara moja tu: kwa mnaoanza kushika tepu msituni

Kila kundi jipya likiingia msituni, fomu za kupimia vipenyo vya miti zinarudi na madudu yaleyale. Unapitia safu ya kipenyo, unakuta mninga wa sm 94 umesimama jirani na wenzake wa 28 na 31, na karani kaandika bila hata kushtuka. Wadogo zangu, hebu tuyamalize haya.

1. Jua unasoma upande gani wa tepu. Tepu ya kipenyo ina sura mbili. Ya kwanza ni sentimita za kawaida: unazungusha shina, unapata mzingo, unaugawa kwa 3.1416. Ya pili imeshagawanywa kiwandani. Alama zake za "sentimita moja" zimeachana kwa sm 3.14 halisi, kwa hiyo unachosoma ndicho kipenyo. Balaa linaanzia hapo. Mpimaji anasoma mzingo, anapaza sauti "tisini na nne nukta mbili!", karani anauchomeka kwenye safu ya kipenyo. Kipenyo halali ni 30. Na kwa kuwa kwenye eneo la mkato wa shina kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kosa la mara 3.14 linakuwa la karibu mara 10: badala ya mita za mraba 0.071, mti unapewa 0.697, na ujazo wa hekta nzima unapaa.

Hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni la kinyume. Kijana anasoma 30 upande wa kipenyo, halafu kwa bidii zake anagawanya tena, anaandika 9.5. Nani ataiuliza namba hiyo? Inafanana na mti mdogo wa kawaida. Kama ploti (kipande cha msitu mnachopima) inahesabu miti ya kuanzia sm 10, mti mzima umefutwa na hakuna atakayejua. Dawa ni ya asubuhi, kabla ya mti wa kwanza: weka tepu kando ya rula. Alama 10 zikichukua sm 31.4, huo ni upande wa kipenyo. Andikeni juu ya fomu "mzingo" au "kipenyo", na karani arudie kila namba kwa sauti.

2. Msigombanie 22/7. Kwenye mti wa sm 30 tofauti yake na 3.1416 haifiki hata milimita. Au zidisha mzingo kwa 0.318, twende.

3. Pima kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko, kwa fimbo iliyokatwa kipimo. Si "hapa kifuani", maana vifua vyenu havilingani. Tepu ilale sawa pande zote: upande wa nyuma ukipanda sm 8 kwenye shina la 30, unasoma 30.5. Mtambaazi uondoe chini ya tepu, usizungushe juu yake. Penye nundu, panda juu yake kidogo na uandike kimo ulichopimia.

4. Shina si bomba. Misindano ya shamba la miti la Sao Hill inawadanganya kwa unyoofu wake, kisha mnaletwa kwenye mpingo wenye mifereji na tepu inaruka mabonde yote. Siku zote tepu huongeza, haipunguzi. Hata shina la yai tu, sm 40 kwa 30, tepu itasema 35.2, ilhali duara lenye eneo lilelile ni la 34.6. Ukitumia kalipa (kifaa cha kubana shina kwa taya mbili), pima mara mbili kwa pembe mraba, uchukue wastani.

5. Ukipewa eneo la duara na unataka kipenyo: ligawe kwa 3.1416, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2. Ploti ya mita za mraba 500 inatoa kipenyo cha mita 25.23. Kamba ya kutoka kitovuni ni nusu yake, 12.62. Aliyevuta kamba ya 25.23 kutoka kitovuni amepima ploti nne, na jioni analalamika kwamba miti haiishi.

6. Kisiki kimepasuka, kimebaki kipande? Vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, tuseme sm 40. Katikati ya uzi pima hadi kwenye tao: sm 10. Zidisha 40 kwa 40, gawanya kwa mara nne ya 10, unapata 40. Ongeza ile 10. Kipenyo ni sm 50. Tao likiwa fupi sana, milimita chache za kukosea zinaharibu jibu lote, kwa hiyo tafuta kipande kirefu kuliko vyote. Na kwa kuwa hapo umepima kisikini, jibu liandikwe safu ya visiki, lisichanganywe na vipenyo vya mita 1.3.