Bibi wa Ngamiani Anajibu: Kapu, Damu na Kiatu cha Mguu Mmoja

*Shikamoo Bibi. Naishi Mbagala, nina watoto wanne. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 haumalizi mwezi. Ukiisha narudi kwenye mkaa, na roho inanisuta kwa sababu kila siku nasikia mkaa unamaliza misitu. Lakini maharage hayaivi kwa maneno. Nifanyeje? – Mama Wanne*

Marahaba mwanangu. Usijisute sana, wengi wanaokuhubiria wanapikiwa na mtu mwingine.

Ila hesabu ya mkaa ni mbaya kweli. Tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo, hula kilo tano mpaka kumi za kuni ndipo litoe kilo moja ya mkaa. Kopo la mkaa unalonunua hapo Mbagala limekula kuni zenye uzito mara tano mpaka kumi yake.

Kinachokula mtungi wako si chai wala mchicha. Ni hayo maharage, na pengine makande. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji yale. Magadi achana nayo. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini. Halafu tafuta kapu la kutunza joto, chakula kimalizikie kuiva humo bila moto.

La kwangu ni kapu kubwa la ukindu. Nimelijaza usumba wa nazi, katikati nimeacha nafasi ya kukaa sufuria, na juu nafunika kwa mto nilioushona kwa kanga kuukuu. Maandishi ya kanga yamefutika, limebaki neno moja tu: JIRANI. Huna usumba? Vitambaa, mablanketi yaliyochakaa, vyote vinafaa, mradi vishindiliwe. Maharage yaliyolowekwa yachemshe jikoni nusu saa, yatokote hasa, si kuvukuta. Hapo usinichezee: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayokufa kwa mchemko mkali wa dakika kumi au zaidi, na joto la uvuguvugu haliiwezi. Yakishatokota funika, toa motoni, tumbukiza kwenye kapu upesi, usifungue kwa saa nne. Ukienda sokoni ukarudi, yameiva. Yarudishe motoni yachemke, ndipo uunge nazi na chumvi. Sufuria iwe imejaa vizuri. Iliyo nusu hupoa haraka.

Wali pia unakubali kapu, lakini hautoi ukoko, na wajukuu zangu wamenigomea. Kwa hiyo wali wangu bado naupalia makaa juu ya mfuniko, Mungu anisamehe.

Kama una umeme na unaweza kudunduliza, nunua sufuria ya presha ya umeme. Maharage ya nyumba nzima yanaiva kwa chini ya uniti moja ya LUKU. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Wewe loweka leo usiku.

*Bibi, shikamoo. Mwezi uliopita nilipeleka magunia mawili ya nguo kwenye kituo cha watoto. Mlezi alizipokea bila furaha, hata asante ilitoka kwa shida. Je, nimekosea wapi? – Aliyevunjika Moyo, Morogoro*

Marahaba. Nikusimulie kwanza. Mvua za El Nino za mwisho wa 1997 ziliniangushia ukuta wa jiko na chumba cha uani. Watu walikuja na misaada, na nawashukuru mpaka leo. Mmoja alileta kifurushi kizuri kimefungwa kwa kamba. Nikafungua: gauni lisilo na zipu, sidiria ya mtu ambaye hakuwa mimi, na kiatu kimoja. Cha kulia. Nilikaa kitako kwenye tope nikicheka, halafu nikalia. Kile kiatu nilikitunza miaka mingi kwa kuchokonoa watu.

Sisemi ulichopeleka wewe kilikuwa hivyo. Nasema mlezi yule ana stoo, na stoo yake pengine imejaa nguo za watu wazima, huku watoto hawana sabuni. Ungepiga simu kabla. Swali moja tu: “Wiki hii mmepungukiwa nini?” Utashangaa majibu. Pedi. Mafuta ya kupikia. Nauli ya bodaboda ya kumpeleka mtoto kliniki.

Na usisahau Januari. Elimu bila ada ilianza 2016, ni jambo jema, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi au mlezi. Sketi ya shule ya mwanao aliyerefuka, ikiwa na pindo lake zima na kifungo chake, ina thamani kuliko gunia la fulana za kampeni.

Nguo ifue, ipige pasi, shona kilichofumuka. Kama ungeona haya kumpa wifi yako mkononi, hiyo ni tambara la kupigia deki. Nalo lina kazi yake, usilitupe.

*Bibi mambo? Mimi mwanafunzi wa chuo Dodoma, boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) likichelewa nakula mihogo. Nataka kusaidia watu lakini sina kitu. – Mkavu*

“Mambo” waambie wenzako wa bwenini. Kwangu ni shikamoo.

Una damu. Kama una miaka 18 na kuendelea na uzito wako haupungui kilo 50 (kwa hiyo mihogo, sijui!), nenda kituo cha Damu Salama, wanaokusanya damu ya hospitali, wakupime. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Damu nzima haikai kwenye jokofu zaidi ya siku 35, kwa hiyo ile mliyotoa kwa picha na fulana siku ya sherehe haimsaidii mama atakayejifungua miezi miwili baadaye. Nenda siku ya kawaida, isiyo na fulana. Kunywa maji, kula kwanza.

*Shikamoo Bibi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nyama bado nafungiwa kwenye vifuko laini, na chupa za maji zimejaa nyumbani. – Mchoshwa, Arusha*

Marahaba. Nyama nendea na ndoo ndogo yenye mfuniko. Mwenye bucha atacheka mara ya kwanza, mara ya tatu atakukatia bila kuuliza. Chupa zisuuze, zikusanye mbali na maganda ya ndizi na mabaki ya ugali, kisha mwite yule kijana anayepita na kiroba begani. Anaziuza kwa kilo. Ukimpa safi unampunguzia adha ya kuchokora takataka zako.

*Bibi, shikamoo. Arobaini ya baba inakaribia. Ndugu zangu wanataka ng'ombe na pilau ya mtaa mzima. Mimi naona tupande miti msikitini iwe sadaka yake. Wananiita bahili. – Kitindamimba, Pangani*

Marahaba baba, na pole sana kwa msiba.

Usigombane nao, watu wakila wakamwombea marehemu si hasara. Badala ya ng'ombe, mbuzi wawili. Sinia na vyombo vya kukodi kwa akina mama wa chama, si sahani za kutupa. Kilichobaki nunueni miche. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Wasomee ndugu zako hiyo.

Lakini mti usiomwagiliwa haulishi hata ndege. Subirini masika yaanze. Pandeni mwembe, mfenesi na mwarobaini wa kivuli, mbali na ukuta na mbali na shimo la choo. Mzambarau usipande karibu na mlango, utapaka rangi kanzu za watu. Halafu mwombeni imamu mchimbe mfereji kutoka mahali pa kutawadhia: maji ya udhu yanatiririka mara tano kwa siku yakaishia barabarani, na miche iko hatua kumi tu. Kwa kiangazi cha kwanza chagueni kijana mmoja wa madrasa awe mwangalizi, mumpe chochote kila mwezi.

Miche ya mfenesi ninayo, saba, kwenye makopo ya maziwa, barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga. Njoo uchukue sita. Wa saba nimeshamwahidi mtu.