Ngazi za mbao za kupandishia gari iliyoshushwa

Mkuu, umeuliza kama matofali yatafaa kupandishia Toyota Altezza yako iliyoshushwa ili umwage oili, maana jeki haipiti chini ya bampa. Usithubutu. Tofali la saruji halikupi onyo, linapasuka tu ukiwa uvunguni. Mbao angalau hulia kwanza.

Niko Ngamiani hapa Tanga, na gari yangu nayo iko chini. Nenda kachukue mbao mbili za inchi mbili kwa kumi, futi 12 kila moja. Mbili kwa nane usichukue, tairi la 205 (upana wa milimita) litazidi pembeni. Msonobari mkavu unatosha. Anayekushauri mtiki wa Longuza, lile shamba la mitiki la huku Tanga, ana hela za kuchezea.

Kila ubao unatoa ngazi moja: kata futi 6, futi 3 na nusu, na futi 2. Kinachobaki ni kipande cha nusu futi, hicho kipigilie juu, mwisho kabisa, kiwe kizuizi cha tairi. Vipande vipangwe kimoja juu ya kingine, kirefu chini, na vyote vilingane upande wa mbele. Paka gundi ya mbao, kaza kwa skrubu za inchi 3 kutokea chini. Misumari mitupu italegea.

Urefu wa ubao wa chini ndio siri yenyewe. Bampa linatangulia kitovu cha gurudumu kwa sentimita 80 hadi 90 hivi. Ngazi ikiwa fupi, bampa linagota kabla tairi halijaanza kupanda. Kwa vipimo hivi, tairi likigusa mwanzo wa ngazi, bampa bado liko juu ya ubao mmoja tu, kama sentimita 5. Pima yako kwanza, maana kuna walioshusha mpaka aibu. Chonga kila ncha ya nyuma mshazari.

Dhidi ya mchwa, paka oili chafu, ila chini tu. Ukipaka juu tairi litateleza.

Panga kwenye sakafu ngumu, sio mchangani. Altezza inasukuma kwa nyuma, kwa hiyo ngazi hukimbilia mbele, zizuie zisisogee. Mwenye gari ya kuvuta mbele ajue zake zitatemwa nyuma. Ukishafika juu vuta handibreki, weka gia, tia kabari tairi za nyuma pande zote mbili, kisha itikise gari kwa nguvu kabla hujaingia chini.