Kulizwa na filamu si udhaifu

Mleta mada anauliza kwa nini amekosa raha siku kadhaa baada ya kuangalia filamu ya huzuni, huku jamaa zake wakimwambia "yale ni maigizo tu". Mkuu, usiwasikilize. Mwigizaji anaigiza, ila kinachokuuma wewe ni cha kweli, na mara nyingi kilikuwemo moyoni kabla hujawasha TV.

Nitolee mfano huku kwetu Mwanza. MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika. Titanic, filamu ya meli iliyozama, ikatoka mwishoni mwa 1997. Mkanda wake ulipofika Kirumba, kuna nyumba zilikuwa hazijamaliza msiba. Kwingine watu walililia mapenzi ya Jack na Rose. Sisi tuliangalia maji.

Mama yangu mdogo alimpoteza mumewe kwenye MV Bukoba, na alikuwa hamtaji kabisa. Ukimtaja wewe, anainuka kwenda kuangalia jiko hata kama hakuna kinachopikwa. Siku hiyo tumejazana sebuleni kwa jirani mwenye deki, meli imeinuka nyuma, watu wanaporomoka. Nikajua ataondoka. Hakuondoka. Alivua mtandio akaukunja mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. Tulipofika pale watu wanaelea gizani wakiita, na sauti zinapungua moja moja, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Baba watoto alikuwa hajui kuogelea."

Jirani akasimamisha mkanda bila kuambiwa. Tukakaa hapo mpaka usiku akimzungumzia mumewe: ndizi alizokuwa akipakia Kemondo, anavyokoroma, anavyopenda kugombana na redio wakati wa mpira. Alilia, akacheka, akalia tena. Filamu yenyewe hatukuimaliza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema filamu nzito ziachwe. Ila tazama kilichomsaidia: mkanda ulisimama, na watu wakamsikiliza. Wewe umesema uliangalia peke yako saa nane usiku kwenye simu. Hapo ikiisha unabaki na giza la chumba, na kabla hujavuta pumzi programu imeshakuwekea nyingine.

Zipo pia zinazoacha uchungu wa aina nyingine. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, filamu ya hali halisi ya 2004, ilirekodiwa hapa hapa kwetu: sangara, mapanki (mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kutolewa), watoto wa mtaani, ndege za mizigo. Ilishindania Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Kikwete akaikemea hadharani. Mimi haikuniliza, ilinijaza hasira na aibu, maana niliitafuta humo Mwanza ninayoishi nikaona kidonda chake tu. Siirudii. Na wewe hulazimiki kumaliza filamu inayokuumiza, izime tu.

Usingizi usiporudi, au chakula kikianza kukushinda, nenda hospitali ukaonane na watu wa afya ya akili. Usingoje uzidiwe.

Lakini kuna kitu kwenye maelezo yako kimenigusa. Umesema kipande kinachokurudia ni cha yule baba aliyekaa kwenye benchi la wodini akisubiri daktari. Mkuu, wewe uliwahi kumuuguza nani? Kama ni vigumu kuandika hapa mbele za watu, niandikie pembeni.