Filta ya longipasi kwenye slaidi ya rangi mbili: usilipe kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kama uchukue, kwa hadubini yako, seti ya kijani ya longipasi (filta inayopitisha mwanga wote kuanzia kiwango fulani kwenda juu) kwa sababu "inaleta picha angavu". Unapaka FITC (rangi inayong'aa kijani) na TRITC (ile tunayoiita nyekundu) kwenye seli zile zile, na kamera yako ni ya nyeupe na nyeusi. Niliposoma hapo moyo ulinilipuka. Ndivyo nilivyofanya mimi, na nilipoteza miezi saba.

Nilikuwa nafuatilia protini moja: yenyewe kijani, mitokondria nyekundu. Muuzaji akaniambia filta inayopitisha kila kitu kuanzia urefu wa wimbi wa nanomita 515 kwenda juu inakusanya mwanga mwingi zaidi. Kweli inakusanya, ila hakuniambia ni mwanga wa nani. Nilishamwandikia kwamba nina rangi mbili. Akanyamaza, akaniuzia aliyokuwa nayo stoo. Mpaka leo nikimkumbuka nachemka.

Seti ile inamulika sampuli kwa nanomita 450 hadi 490. FITC inafyonza vizuri karibu na 495 na kutoa mwanga karibu na 519, hapo hakuna ubaya. TRITC kilele chake kiko karibu na 550, lakini mkia wake unashuka hadi huko kwenye 490. Basi nayo inaamka kidogo, inatoa mwanga wake wa karibu 575, na filta ya upande wa kamera haina ukomo wa juu, inaupitisha wote. Kwa macho ungeona rangi ya chungwa ukashtuka. Kamera ya nyeupe na nyeusi inahesabu mwanga tu. Kijani unakipaka wewe baadaye kwenye kompyuta.

Tena kingamwili yangu ya kijani, ile inayobeba rangi hadi kwenye protini, ilikuwa dhaifu. Kupiga picha ya nyekundu ilitosha kuifungua kamera milisekunde 100, kijani nikawa naiachia sekunde 2. Uvujaji, yaani mwanga wa nyekundu kuingia kwenye picha ya kijani, ukapata muda wa kutosha kujaa. Nikiunganisha picha, njano tupu, yaani kijani na nyekundu mahali pamoja! Nikasimama mbele ya maabara nzima nikatangaza kwamba protini inakaa ndani ya mitokondria. Cheka ukitaka, lakini hata msimamizi wangu alipiga makofi.

Usiku mmoja kingamwili ya kijani iliniishia, slaidi ya mwisho ikabaki na nyekundu peke yake. Nikaiweka kwenye hadubini niangalie tu kama seli zimeshika. Nikafungua chaneli ya kijani, yaani kupiga kwa seti ya kijani, sekunde 2 zile zile. Hizo hapo: nyuzi za mitokondria, zimejikunja vile vile nilivyozizoea, zinang'aa kwenye chaneli ambayo rangi yake haikuwemo kabisa kwenye slaidi. Mkono ulibaki kwenye kitasa cha fokasi, sikukizungusha.

Seti ya bendipasi, inayopitisha kipande kimoja tu cha mwanga, ile inayoandikwa 525/50, yaani 500 hadi 550 basi, ilifuta karibu uvujaji wote. Na protini yangu imetapakaa kwenye saitoplazimu, haina habari na mitokondria.

Sasa nisikilize. Kabla ya kununua filta yoyote, tengeneza slaidi ya kijani tu, ya nyekundu tu, na isiyopakwa kitu, maana seli zenyewe nazo hung'aa. Kila moja ipige kwenye chaneli zote mbili, kwa muda ule ule unaotumia kwenye picha zako halisi. Ukipunguza muda unajidanganya. Usiseme rangi zako ziko mbali moja na nyingine. Mkia wa FITC nao unafika hadi 600.

Longipasi ina kazi yake, rangi moja iliyofifia, unatazama kwa macho. Siyo kazi yako wewe.

Mwombe muuzaji akuazime seti zote mbili. Akikataa, achana naye. Anza na ile ya nyekundu tu, washa chaneli ya kijani, piga, kisha weka picha hapa niione kabla hujalipa.