Mama ana presha, nimwambieje nina kansa?

Dada uliyeuliza, umesema majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa titini yametoka, ni kansa ya titi, na kaka zako wanataka mama afichwe mpaka umalize matibabu kwa sababu ana presha. Mimi nilificha. Ngoja nikusimulie.

Nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka 2019 majibu yangu yalipotoka nilimwambia mama nina "uvimbe kidogo" tu. Nilidhani namhurumia. Kumbe uvimbe kidogo kwa mama dawa yake ni majani. Akaagiza kijijini, nikaletewa chupa ya maji machungu, na kila nikidamka kupanda teksi ya Kampala aliuliza hospitali ya Mulago nafuata nini kwa ajili ya jipu. Kaka yangu naye akaandika kwenye grupu la ukoo kuomba mchango wa nauli na dawa, kansa akaitaja waziwazi. Mama simu yake ni ya tochi. Habari aliletewa na jirani aliyekuja kumpa pole. Siku mbili hakusema nami, na presha ilipanda vilevile.

Siku ya tatu nikaenda na dada yangu mkubwa. Tulichagua asubuhi, ameshakunywa chai na dawa zake. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia: mama, nina kansa ya titi la kushoto, nitawekewa dripu za kemo, dawa za kuua kansa, miezi kadhaa, halafu nitafanyiwa operesheni. Mkono wake ukabaki juu ya ungo. Akauliza, "La kushoto si ndilo unaloweka hela?" (Sisi wa sokoni sidiria ndiyo benki.) "Nilikukataza, mwanangu! Nilikukataza!" Mimi nikacheka, dada akalia. Nikamweleza nilivyoelezwa na daktari, kwamba noti hazileti kansa, wala simu, wala mtoto kung'ata ziwa. Hakuyakubali yote. Lakini chupa ya majani sikuiona tena, na siku za safari akawa ananijazia uji kwenye thamosi.

Kwa hiyo litaje jina lenyewe. Ila usiende kabla daktari hajakwambia hatua inayofuata, maana swali la kwanza litakuwa "sasa inakuwaje?" na ukijibu "sijui" watakuzika kabla ya kuugua. Na kaka zako waombe wasiandike popote mpaka mama asikie kinywani mwako. Mchango utasubiri siku mbili.

Kuhusu watoto, mimi nilichelewa. Wa miaka 9 niligundua anakitenga kikombe changu pembeni, hakioshi na vingine. Shuleni walimwambia kansa inaambukiza. Nikamkalisha nikamwambia haiambukizi, si kwa kikombe, si kwa kulala pamoja, na kwamba nywele zangu zitanyonyoka kwa sababu ya dawa, si kwamba nazidiwa. Alichotaka kujua ni nani atampeleka shule nikiwa Kampala. Nikamwambia shangazi. Akarudi kucheza.

Mume, nilimwambia usiku uleule, sina la kuongeza hapo.

Dada zako usiwasahau, hata mkiwa hamsalimiani. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake wa tumbo moja amepata kansa ya titi, uwezekano wake wa kuipata ni kama maradufu ya mwingine. Dada yangu mkubwa alikwenda kupimwa, akakutwa mzima. Mdogo mpaka leo ananiambia "nitaenda wiki ijayo".

Na presha ya mama yako: mpimeni asubuhi hiyo kabla hamjakaa, na mmoja wenu alale kwake siku tatu. Dada yangu alilala kwa mama wiki nzima. Aliporudi aliniletea kipochi cha kitenge chenye kamba ya kufunga kiunoni, mama amekishona kwa mkono. Wateja wananicheka ninavyokifungua kiunoni kutafuta chenji.