Muulize Fundi Rangi: Damu ya mzee juu ya nyeusi, mbona haisomeki?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimefungua jiko la nyama choma Kwa Mrombo, hapa Arusha. Nimetengenezesha bango jeusi lenye maandishi ya damu ya mzee, nikitaka lionekane la heshima. Kwenye kompyuta ya kijana aliyelichora lilipendeza mno. Sasa jioni, ndiyo saa yangu ya biashara, wateja wananipigia simu kuuliza niko wapi, kumbe wamesimama chini ya bango. Nibadilishe rangi zote?
— Mama wa Jiko, Arusha

JIBU: Marahaba, mama. Rangi zako ziache, zinakwenda vizuri na moto na mkaa. Shida iko kwenye maandishi. Damu ya mzee ni nyekundu kwa jina, lakini kwa mwanga wake ni jirani wa nyeusi kabisa, na jicho husoma herufi kwa tofauti ya mwanga kabla ya kitu kingine chochote.

Watengeneza tovuti wana kipimo cha jambo hili: maandishi ya kawaida yapate tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake, na makubwa 3 kwa 1. Damu ya mzee ile ambayo kwenye kompyuta huandikwa 8B0000, ukiiweka juu ya nyeusi tupu, inapata kama 2 kwa 1 tu. Weka maandishi meupe juu ya damu ya mzee hiyohiyo, inaruka hadi 10 kwa 1.

Halafu kuna jioni yenyewe. Giza likiingia, jicho huhamia kwenye chembe zake za kuonea gizani, na hizo nyekundu karibu haziioni. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkyně, aliligundua hilo mwaka 1819: ua jekundu linalong'aa mchana ndilo la kwanza kugeuka jeusi magharibi ikiingia. Kwa hiyo bango lako linazimika saa ileile mkaa unapokolea. Na yule kijana hakukudanganya, ila skrini ina taa yake ndani na bango halina.

Fanya hivi. Jina la jiko liandikwe kwa rangi ya maziwa, herufi nene, zisizobanana. Nyeupe pe sikushauri, itafanya bango lako lifanane na la duka la dawa. Damu ya mzee ipe mkanda mpana chini, au kichwa cha ng'ombe, ukizungushie mstari wa rangi ya maziwa usiopungua unene wa kidole. Bila mstari huo pembe zitapotelea kwenye weusi na watu wataona doa. Taa ya juu iwe ya mwanga wa njano; hizi balbu nyeupe zinazoelekea bluu huifanya damu ya mzee iwe kahawia iliyochoka.

Kabla hujalipa, piga picha mchoro kwa simu, ondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Usichokisoma hapo, mteja hatakisoma saa moja usiku. Na kama bango ni la kuchapwa na linatazama jua la mchana, dai liwekewe laminesheni. Wino unaotengeneza wekundu hupauka mapema, mweusi ukabaki.

Ukitaka kuona wekundu na weusi vikikaa pamoja bila kugombana, tazama mashuka ya Wamasai kwenye barabara ya Monduli. Nyekundu yake ni kali, imeshika sehemu kubwa, na nyeusi ni mistari tu. Moja inatawala. Kwako itawale nyeusi, sawa, lakini zisigawane nusu kwa nusu.

SWALI: Kamati yetu ya harusi imechagua damu ya mzee na nyeusi. Kadi za mfano zimekuja, nyekundu inaonekana kama kahawa, na kwenye mkunjo kuna mstari mweupe umechanika. Wazee nao wanalalamikia weusi. Tufanyeje?
— Katibu wa Kamati, Moshi

JIBU: Ya wazee ongeeni nao ninyi wenyewe, mimi ni fundi wa rangi. Ila nawaonea huruma: kadi nyeusi ikiingia nyumba ya mtu Moshi, atauliza kwanza nani amefariki. Igeuzeni, damu ya mzee iwe mwili wa kadi na nyeusi ibaki kwenye utepe na bahasha.

Kuhusu ukahawa: mashine inachanganya bluu, waridi, njano na nyeusi. Bluu na nyeusi vikizidi kidogo, wekundu unakufa. Mwambie mchapaji apunguze hizo mbili, akupe kipande kimoja kwenye karatasi ileile ya kadi, mkakitazame nje juani. Mstari mweupe ni karatasi inayochungulia, wino umepasuka. Kadi ipigwe alama ya mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa, au nunueni karatasi iliyotiwa rangi hadi ndani.

SWALI: Fundi, fulana nyeusi zenye nembo ya damu ya mzee kwa waongoza watalii wetu, unasemaje?
— Dereva, Arusha

JIBU: Kama mnaingia Tarangire, hapana. Mbung'o hupenda nyeusi na bluu, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Chukueni kaki, nembo ikae kifuani kwa damu ya mzee, itaonekana. Fulana nyeusi mkizitaka za ofisini, mchapaji atangulize wino mweupe chini ya nembo, aukaushe, ndipo apige nyekundu. Akiuruka mweupe, nembo itamezwa na kitambaa.